Chumvi Kiganjani

Harufu ya maharagwe yanayochemka bila chumvi ni nzito kidogo, kama ya udongo uliolowa. Nikiisikia jikoni kwangu, namkumbuka baba, kule kwetu Werugha.

Baba alikuwa fundi wa reli Voi, na chakula alikitia chumvi kabla hajakionja. Miguu yake ilipovimba hata viatu vikakataa kuingia, alirudi nyumbani mlimani. Dresa wa zahanati akamwambia mama, "Akiendelea na chumvi hii, hamtakuwa naye mwaka ujao."

Mama akapeleka kopo la chumvi kwa jirani. Tangu siku hiyo sote tulikula kimanga, viazi vitamu na maharagwe yaliyopondwa pamoja, chapwa kabisa. Baba alitafuna kidogo, akatazama ukungu nje, akasukuma sahani. Alizidi kukonda.

Nilimwonea huruma. Siku moja nikaenda kwa jirani, nikadanganya kwamba mama amenituma, nikarudi na chumvi kiganjani, imeshaanza kulowa jasho.

"Baba, tia haraka. Mama yuko kwa ng'ombe."

Aliitazama ile chumvi, akameza mate. Kisha akanishika mkono.

"Umenihurumia, mwanangu. Lakini ukiniletea tena kesho, nitakula. Usiniletee."

Akachukua maji yake ya kunywa, akaniosha kiganja mwenyewe, taratibu, kidole kwa kidole. Halafu akavuta sahani. Nilikaa kando yake mpaka akamaliza yote, kwa mara ya kwanza. Kabla ya mavuno alikuwa ameshuka tena Voi, kazini.