Mbalaga Isiyo na Maziwa

Nilipokuwa mtoto kule Suma, mtu akichinja ng'ombe akala kwa kujificha, alishikwa na baridi. Sisemi baridi ya Rungwe, ile ya mvua na ukungu ambayo kila mtu ana sweta lake. Nasema pumzi ya watu. Majirani wanapita, wanasikia harufu ya nyama, hawaitwi, wananung'unika. Manung'uniko yanamwingia mwenye nyama mgongoni, naye anatetemeka mpaka awakusanye, awalishe, na wao wamwambie usoni kilichowauma. Bibi yangu, mama yake baba, aliamini hivyo na Jumapili hakukosa kanisani, wala hakuona tatizo.

Aliyeona tatizo ni baba mdogo Ambakisye.

Huyu nitamweleza kama alivyokuwa, atakayekasirika akasirike. Ilikuwa enzi za ruksa, bidhaa zimerudi madukani, na kila aliyewahi kufika Tunduma alijiita mfanyabiashara. Baba mdogo alikuwa amefika Tunduma. Alirudi na koti la mtumba lenye vifungo vya rangi ya dhahabu, akalivaa hata jua likiwaka. Akafungua duka la sabuni, betri, vitenge na biskuti pale Msasani, Tukuyu mjini. Akaokoka pia, yote katika msimu mmoja, hata sikujua kipi kilitangulia, wokovu au koti. Sisi watoto tulizimezea mate biskuti zake mpaka tukachoka. Hakutupa hata moja.

Siku moja akaja kumwomba Bibi ng'ombe wa kuzindulia duka. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Kipusa, na maziwa ya Kipusa ndiyo yaliyotiwa kwenye mbalaga, zile ndizi mbichi alizopika taratibu na maharage mpaka rojo likawa zito. Chungu kile ndicho kilichotulea sisi wajukuu.

"Nitakuletea wa kisasa, mama," alisema baba mdogo. "Wa kizungu, anajaza ndoo!"

"Mchukue," Bibi akasema, kwa kuwa alikuwa kitindamimba wake na hakuwahi kumnyima kitu. "Lakini mchinje hapa, na watu wa hapa wale."

Akamchinja hapa. Watu wa hapa hawakula. Walikula wafanyabiashara wenzake kutoka Mbeya na mchungaji wa kanisa lake jipya, na lango la ua likafungwa kwa mnyororo, jambo ambalo kijijini kwetu hatukuwahi kuliona. Mzee Asegelile, jirani aliyemsaidia mama yake Kipusa kuzaa, alisimama nje ya lango kidogo, akakohoa, akaenda zake.

"Fungua, Ambakisye," Bibi alisema. "Watanung'unika. Utashikwa na baridi."

"Ushirikina huo, mama! Mimi nimefunikwa na damu ya Yesu."

"Yesu aliwalisha watu uwanjani. Hakufunga mnyororo."

Mchungaji akacheka, mdomo umejaa nyama ya Kipusa wetu.

Wiki haikuisha. Baba mdogo aliletwa kutoka Msasani amelazwa nyuma ya pikapu, meno yanagongana, na koti lake mwilini. Zahanati walipima damu, malaria hawakuiona. Dawa walizompa alizitapika. Mchungaji alikuja mara moja, akaombea mlangoni bila kuingia ndani, akasema anawahi semina. Wale wa Mbeya hatukuona hata vumbi lao. Baba mdogo akaacha kula, kisha akaacha kuongea, na wanawake wakaanza kumtazama Bibi kwa namna ile wanavyomtazama mtu anayekaribia kufiwa.

Bibi hakulia. Alikata mkungu wa ndizi, akabandika chungu kikubwa, akatia maharage na chumvi. Maziwa hayakuwepo, tunajua kwa nini. Akanituma nipite kila nyumba niseme, "Bibi anawaita mje mle na mseme."

Wakaja, nadhani kwa ajili ya Bibi. Baba mdogo alitolewa uani amefungwa blanketi. Mzee Asegelile alianza.

"Ng'ombe yule nilimvuta kwa mikono hii akiwa ndama. Halafu nikasimama langoni kama mbwa. Niliumia, Ambakisye. Sasa nimesema, yamekwisha." Akachukua sahani.

"Mimi nilinung'unika kuwashinda wote," alisema mama Tusajigwe, jirani wa ng'ambo ya kijito, "na sijuti! Haya, pona utuuzie sabuni."

Watu wakacheka. Baba mdogo alilia mpaka kamasi zikamtoka, akasema, "Ndaga fijo," asanteni sana, kwa Kinyakyusa alichokuwa amejifanya kukisahau. Jioni ile aliomba chakula.

Jumapili iliyofuata alitupeleka sote kanisani kwake, akasimama kutoa ushuhuda. Shetani alitaka kumuua, mchungaji akapiga magoti kwa imani, akapona. Mchungaji akatikisa kichwa kukubali, bila haya. Chungu hakikutajwa. Nilikuwa nachemka kwa hasira, na pembeni yangu Bibi akaitikia "Amina!" kwa sauti kuliko wote.

"Bibi, amedanganya!" nilimwambia njiani. "Waliomponya ni majirani."

"Na majirani aliwaleta nani kama si Bwana? Nani kwa akili zake angekuja kula mbalaga isiyo na maziwa?"

Ng'ombe wa kisasa hakuja. Bibi alipika bila maziwa mpaka alipofariki.

Leo naandika riwaya, na watu wa kanisa hunishauri niondoe humo mambo ya kienyeji. Siyaondoi. Kama ni pumzi ya watu au ni aibu ya mtu mmoja iliyomtetemesha, sijui, na sioni ajabu Mungu kutumia yote mawili. Ninachojua ni kwamba kila nikimaliza kitabu napika mbalaga ya maziwa na lango naliacha wazi. Baba mdogo, sasa mzee, huwa wa kwanza kufika, na sala yake kabla ya kula ni ndefu mno. Namdharau. Nimeomba niondolewe dharau hiyo, miaka imepita, bado ninayo.

Safari hii alilamba vidole, akasema mbele ya majirani, "Tamu! Ile ya mama, siku ile naumwa, haikuwa tamu hivi. Sijui alikosea nini."

"Maziwa yake uliyachinja, baba mdogo," nikamwambia usoni.

Akaacha kutafuna. Nami nikachukua sahani yake, nikamwongezea.