Sauti Tuliyotakiwa Kuifuta

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisikiliza rekodi na kuandika yaliyosemwa, nikiwa nyumbani kwangu Nyasho, kwa wateja ambao wengi sijawahi kuwaona. Mmoja wao alinitumia mazungumzo ya akina mama wazee yaliyokusanywa na watafiti. Mengine yalikuwa ya Kijita, lugha yangu, na mengine ya Kizanaki, ambayo mimi naishia kwenye salamu. Nikaomba kumshirikisha rafiki yangu niliyesoma naye, mzaliwa wa Butiama aliyeolewa Bunda. Mteja akakubali, ila naye asaini mkataba wa usiri kama wangu: asimwambie mtu mwingine atakachosikia, na kazi ikiisha afute kila kitu.

Asubuhi moja akanipigia.

"Dada, uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Huyu anayeongea kwenye hii rekodi ni mama."

Mama yake tulikuwa tumemzika Butiama mwaka uliotangulia. Nilimkumbusha kwamba majina yote yalikuwa yameondolewa.

"Alikuwaga anacheka kwanza ndiyo aongee," akasema. "Ni yeye."

Hakuniomba kubaki na rekodi. Aliuliza tu kama wadogo zake wanaweza kuisikia, hata mara moja. Sote tulijua mkataba unasemaje. Nikamwambia nitamwandikia mteja.

Nikisubiri jibu, nilimfuata kwake Nyasura, hapo Bunda. Hata mumewe hakuwa amemwambia. Mume alidhani kazi imemchosha. Tulikaa mbele ya kompyuta, akanipa spika moja ya sikioni, nyingine akabaki nayo. Sikuelewa neno hata moja. Nilisikia mama mtu mzima akizungumza taratibu, na kuku kwa mbali. Alichokuwa akisema, hata ningekielewa, nisingekiandika hapa, wala popote.

Nilimwonea wivu rafiki yangu. Mama yangu mimi alifariki kijijini kwetu Murangi kabla sijamiliki simu ya kurekodi. Maneno yake ninayo mengi, lakini nikijaribu kuikumbuka sauti, naisikia yangu mwenyewe. Natamani hata kusikia akinigombeza.

Jibu la mteja lilikuja nikiwa hapo hapo. Aliandika kwa upole. Akina mama waliokaa pamoja siku ya kurekodiwa waliahidiwa wote kwamba sauti zao hazitatoka mikononi mwa watafiti. Hawezi kuwavunjia ahadi.

Rafiki yangu alilisoma jibu hadi mwisho.

"Kwa hiyo hata mama aliahidiwa," akasema.

"Hata yeye."

"Basi ndivyo alivyotaka. Mama akisema jambo lisitoke, lilikuwaga halitoki."

Akaniomba nimwache. Nikatoka uani, nikasaidia kuanua nguo zilizokauka. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alisema ameshamaliza kuandika, ameshanitumia, na ameshafuta. Nami nilipomkabidhi mteja kazi yake, nilifuta nakala yangu.

Krismasi iliyofuata ndugu zake walikusanyika Butiama. Aliniambia baadaye kwamba walipokuwa wanapika, mdogo wake wa mwisho alisema, "Jamani, mimi ningempata mama nimsikie tu, hata asiponiona."

"Ukamjibuje?" nikamuuliza.

"Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji, na ndani maji yalikuwepo ya kutosha."