Hitilafu za Bi Chapa

Kila aliyewahi kuchapishiwa barua ya kuomba kazi karibu na mahakama anamjua Bi Chapa. Vidole vyake vyote kumi vinafanya kazi, na mdomo haubaki nyuma. Mpelekee mwandiko mbaya uone. "Hii umeandika wewe, au kuku kapita juu ya karatasi?"

Lakini mama huyo mwenye maneno yake alikuwa na donda moja moyoni. Kitinda mimba wake, aliyekwenda ng'ambo kutengeneza programu za kompyuta, alikuwa na mwaka wa nne hajarudi. Simu zake zilikuwa za kubahatisha: "Mama, niko mbio, nitakupigia." Hapigi.

Siku moja binti akamtumia kivinjari, programu ya kufungulia mtandao, ambacho kampuni yao ilikuwa bado inakijaribu. "Kitumie dukani, mama. Kikileta matata, bonyeza hapa uniandikie. Taarifa za Kiswahili zote nazishughulikia mimi."

Matata? Yalikuja kwa mafungu! Kilifunga kurasa bila kuaga, kikameza fomu za watu zikiwa zimejazwa nusu. Wateja wakasonya. Bi Chapa roho yake kwatu, maana kila akiandika hitilafu, binti alipiga simu ya video siku hiyohiyo, tena bila haraka. "Gusa pale juu kulia, mama." Bi Chapa aligusa polepole makusudi, huku anamkagua mwanawe: kakonda, kabadilisha msuko, na lile koti mbona linampwaya? Nusu saa nzima.

"Mteja anayefurahia kompyuta mbovu ni wewe tu," kinyozi wa mlango wa pili alimtania.

"Niachie ubovu wangu!"

Basi kivinjari kikatengemaa. Wiki mbili hakikukosea hata mara moja, na simu ikawa kimya. Hamu ya mwanawe ikamzidi Bi Chapa. Siku ya kumi na tano, mwanamke huyu aliyewachapa wanawe wote kwa kusema uongo, akakaa akaandika: Kimeganda. Nimezima, nimewasha, wapi.

Binti akapiga. Siku nne mfululizo walihangaika kutafuta kitu ambacho hakikuwepo, na Bi Chapa akazifaidi zote nne.

Siku ya tano binti alitokea kwenye video macho mekundu. "Mama, nilitaka nikushtukize mlangoni, lakini basi. Bosi alisema hitilafu zangu zikiisha naondoka likizo. Zimeisha zote. Imebaki hii yako, na siioni!"

Bi Chapa akavuta kiti. "Mwanangu, haipo. Hakikuganda. Nilitaka kukusikia tu."

"Si ungenipigia, mama?"

"Ungeniambia uko mbio."

Binti alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Jana zamu yangu ya likizo wamempa mwenzangu. Sasa ni mpaka mwakani."

"Mwakani," Bi Chapa alisema.

Mteja aliingia na karatasi zake, akakohoa, akaambiwa kwa mkono asubiri. Mama na binti wakabaki wanatazamana, na hakuna aliyekata simu.