Mtunza Diski za Tomoka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokelewa na jiko kubwa kuliko nyumba yetu. Siongezi chumvi. Nyumba yetu ya Wundanyi ingeingia humo nzima na kuku wakabaki na mahali pa kulala. Madam alinionyesha majokofu, ndoo ya bluu ya chooni na ndoo nyekundu ya jikoni, kisha akanipokea simu na pasipoti kwa upole wa mtu anayempokea mgeni mzigo. Nikamwambia asante. Ndivyo nilivyoanza kazi Riyadh, nikishukuru.

Nyinyi wadogo zangu mnaonijia kuuliza habari za Saudia, jueni kwanza mnamuuliza nani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mombasa nilikuwa nimefika mara chache, na kila mara nilirudi na kichwa kinauma. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walikimbilia Nairobi. Mimi nilikimbilia jikoni kwa mama. Lakini miaka ile mawakala walizunguka Taita kama wanunuzi wa mbuzi, mama akaanza kuugua sukari, na mtu wa nyumbani ndiye akapakiwa ndege.

Kuna maneno matatu ya kazi ile. Kafili ni tajiri aliyekudhamini uingie nchini. Ikama ni kitambulisho chako cha ukaaji. Huruji ni ruhusa ya kutoka nchini, na anayeitoa ni kafili. Lisomeni tena hilo la tatu, mimi nilikuwa nimelisoma haraka.

Kafili wangu tulimwita Baba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kimya na msimamo, na nyumbani mwake hakutaka muziki, hata mlio wa simu. Kazi yangu kwake ilikuwa pasi. Kanzu nyeupe ni rahisi. Kazi iko kwenye shumagi, kile kitambaa cha kichwani cha mirabaraba myekundu. Unapuliza wanga, unangoja unyevu upungue kidogo, kisha unabana mkunjo wa katikati mpaka usimame kama paa la kanisa. Jioni unawasha chetezo na kufukiza udi sebuleni, unaanza na upande wa wanaume. Baba akipita anasema, "Taib, Wakesho," yaani vizuri. Kwa wiki nzima hilo ndilo tuliloongea.

Kazi ya pili hakuniajiri mtu. Ilikuja yenyewe, imefichwa chini ya abaya, lile buibui lao.

Abiri alikuwa binti pekee wa nyumba ile, yuko mwisho wa shule, na ndiye mtu pekee ambaye Baba alimsikiliza mpaka sentensi ikaisha. Alasiri moja aliingia chumbani kwangu, kile kistoo kilichokuwa kando ya mashine ya kufulia, akakagua kuta.

"Wakesho, humu jua linaingia?"

"Hata hewa haiingii."

"Vizuri," akasema, akatoa boksi.

Ndani kulikuwa na diski za mwimbaji wa Kijapani aitwaye Tomoka. Zilifika kwenye duka moja la mtaa wa Al-Dirah lililopokea vifurushi vya watu, na aliyetumwa kuzichukua alikuwa Mutiso, dereva wa nyumba, Mkamba wa Mwala, asiyeweza kukupa chumvi bila kukutania. Kila kifurushi kilipofika alisimama mlangoni mwa jikoni na kutangaza: "Wakesho, wifi yako amezaa tena."

Abiri alinifundisha kama mwanafunzi. Singo ni wimbo mmoja mkubwa na mdogo wake wa kuusindikiza. Albamu ni nyimbo nyingi zilizokaa pamoja kwa mpango. Wajapani hawatoi singo moja wakaridhika. Huitoa kwa namna tatu, moja ina video, moja ina picha, moja haina kitu, na mpenzi wa kweli hununua zote. Ubavuni huvishwa mkanda wa karatasi uitwao obi, na diski iliyopoteza obi, alisema Abiri, ni bibi harusi asiye na hina. Kwa hiyo hazikuguswa na mikono mitupu. Nilizipangusa kwa kitambaa cha pamba kila Alhamisi, na chetezo hakikupita karibu nazo, kwa sababu moshi wa udi huacha mafuta kwenye plastiki. Mimi, ambaye nyumbani nilipangusa meza kwa kanga niliyoivaa.

Kwa malipo, kila Ijumaa Abiri alinipa simu yake nimpigie mama. Mama aliuliza jambo moja. "Unarudi lini?" Nikasema mkataba ukiisha, miaka miwili. "Sawa," akasema. "Mimi nipo."

Tulikamatwa karibu na Ramadhani. Wakati huo nyumba hupinduliwa yote, mazulia hutolewa nje na kila chumba hufunguliwa, hata cha mfanyakazi. Baba mwenyewe alikuja kuangalia bomba la mashine, akaliona boksi.

"Hizi za nani?"

Madam alitazama bomba. Abiri alitazama sakafu. Mimi nikafikiria simu ya Ijumaa.

"Zangu, Baba."

Alichukua moja, akaitazama ile sura ya Kijapani yenye nywele fupi, akanitazama mimi wa Wundanyi. "Huyu ni nani?"

Nikaanza. Nilisema anaitwa Tomoka, alianza akiwa msichana wa shule, singo ya kwanza ilihusu treni iliyomwacha na hakuna aliyeinunua ila jamaa zake. Kampuni ikamtupa. Akakata nywele, akapata kampuni ndogo, akatoa wimbo wa mwavuli uliopigwa kwenye tangazo la soda, na hapo ndipo nchi yake ikamjua. Albamu mbili zikafuatana. Kisha koo likamharibikia, akanyamaza muda mrefu, akarudi na albamu ya tatu akiwa na sauti ya chini, kama mtu aliyelia akanawa uso. Na hiyo uliyoishika, Baba, ni toleo la kwanza, tafadhali usivute huo mkanda.

Nyuma yake Mutiso, aliyekuwa amebeba zulia, aligeukia ukuta mabega yakitikisika.

"Unaelewa anachoimba?" Baba akauliza.

"Hata neno moja, Baba."

Nadhani alikaribia kucheka. Lakini aliirudisha ile diski taratibu na kusema, "Halas, basi. Dada yangu wa Jeddah anahitaji mtu. Chukua vitu vyako vyote."

Ndivyo nilivyohamishwa kituo. Mutiso alinipeleka stendi, boksi likiwa mapajani mwangu. "Wenzako hufukuzwa kwa kuvunja vyombo," akasema. "Wewe umefukuzwa kwa ajili ya Mjapani." Kisha akaacha utani. "Abiri angesema neno moja tu."

"Ni mtoto."

"Wewe una miaka mingapi?"

Nilikuwa namzidi mitano.

Basi lilinishusha Jeddah karibu na Kandara, mtaa uliojaa watu kama sisi, maduka madogo na vyumba vya kupanga. Sikuuona tena. Gari la Bibi lilinipeleka Al-Hamra, kwenye nyumba kubwa karibu na bahari ambayo nayo sikuiona, madirisha yalikuwa na mapazia mazito. Mtu wa nyumbani nilipata nyumba kweli.

Bibi, shangazi yake Abiri, alikuwa mjane aliyepooza upande mmoja. Kazi yangu ilikuwa mwili wake. Kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kitini kuna namna yake: unaweka goti lako mbele ya goti lake lililolegea ili lisiteleze, unamkumbatia chini ya kwapa, unahesabu naye, mnageuka pamoja. Usimvute mkono. Na unyanyue kwa miguu. Mimi nilinyanyua kwa mgongo, ndiyo maana leo nikiinama kuokota kijiko nafikiria kwanza kama nakihitaji.

Ulimi wa Bibi haukupooza. "Umenishika kama gunia," alisema. Nikamwambia gunia halitukani. Tuliishi hivyo.

Mkataba ukaisha. Nikaomba huruji.

"Kafili wako ni mimi?" Bibi akasema. "Mafi, hakuna. Muulize aliye Riyadh."

Nikampigia Madam kwa simu ya Bibi. "Uko kwa Bibi," akasema, "Bibi ndiye anayejua." Hakuna aliyesema hapana. Katika nyumba zile jambo la mfanyakazi ni jambo la wanawake, halimfikii mwenye nyumba mpaka apatikane wa kulipeleka, na kwa Baba mpelekaji alikuwa mmoja. Nikamngoja Abiri apige simu. Alipiga.

"Nitamwambia," alisema. "Lakini Wakesho, umesikia? Tomoka anastaafu. Ametangaza. Atatoa albamu ya mwisho, atafanya onyesho la mwisho, basi."

"Abiri, mama amelazwa. Wanasema mguu."

"Inshallah atapona. Sikiliza, ukiondoka sasa Bibi atalitupa boksi. Ngoja nije likizo, nizichukue mwenyewe, siku hiyohiyo namwambia Baba. Likizo si mbali."

Likizo ilisogezwa kwa ajili ya mitihani. Kisha ikasogezwa kwa ajili ya posa, maana Abiri alikuwa amechumbiwa. Kila Alhamisi nilizipangusa zile diski, kwa sababu zilikuwa ndizo tiketi yangu. Nilikuwa nikimlaumu Tomoka. Nilimwambia, dada, wewe umetangaza kuondoka na dunia nzima ikakupigia makofi, hebu nitangazie na mimi.

Mama alikatwa mguu. Ndugu yangu Mwakio alisema alikuwa anaongea vizuri na anauliza swali lake lilelile. Baadaye, mchana mmoja, nikiwa namlisha Bibi wali, simu yake ikalia, na aliyetakiwa nilikuwa mimi. Mwakio hakuzunguka. Nilimaliza kumlisha Bibi. Yeye ndiye aliyesukuma sahani kwa ule mkono wake mzima. "Kaa," akasema, na nilipotaka kukaa sakafuni akapiga godoro. Nikakaa kitandani kwake mpaka alasiri, na hakunitukana.

Abiri alikuja baada ya mazishi, ambayo mimi niliyasikia kwenye simu, nyimbo za kanisa zikikatika-katika. Alikuja na albamu ya mwisho mkobani, na kompyuta ya kuonyeshea video ya onyesho. Tulijifungia chumbani kwangu. Tomoka alivaa nguo nyeupe isiyo na mapambo. Aliimba ule wa treni, wa kwanza kabisa, na safari hii uwanja mzima uliujua. Alipomaliza aliinama muda mrefu, akalaza kipaza sauti sakafuni, akatembea kwenda zake bila kugeuka. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

Abiri alilia mpaka kwikwi. "Amekwenda," akasema. "Hatarudi tena."

"Abiri, mama yangu wamemzika."

Alinitazama akiwa bado na machozi ya yule mwingine. Akachukua simu, akampigia baba yake mbele yangu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nilimsikia Baba vizuri, sauti yake ilikuwa inafika mbali.

"Anataka kwenda kwao? Mbona hakuna aliyeniambia? Nilidhani ameridhika. Kesho nitalifanya. Na zile diski zake asiache hata moja kwa dada yangu. Simamia mwenyewe zipakiwe."

Abiri alibaki ameishika simu. Nilingoja aseme ni zake. Nilingoja kwa moyo mweupe, kwa kweli nilimtakia aseme. Akasema, "Hadir, Baba." Sawa, Baba.

Siku ya kuondoka begi la mfanyakazi hufunguliwa mbele ya wenye nyumba. Hiyo ni desturi, usidhani ni wewe tu. Bibi alikaa kwenye kiti, Abiri akapiga magoti akapakia. Boksi lilichukua begi karibu lote. Nilitoa blanketi nililomnunulia mama, maana hapakuwa na nafasi, na pia hapakuwa na mama. Abiri aliweka ile albamu ya mwisho juu kabisa, bado ina karatasi yake ya nailoni, akafunga zipu polepole kama anayefunga kidonda.

"Mtu mzima na midoli," Bibi akasema.

Nimestaafu sasa. Naita kustaafu, majirani wanaita kukaa. Wasichana wanaokuja nawafundisha goti na mgongo, nawafundisha shumagi, na nawaambia: ukifika, chunguza kwanza katika nyumba hiyo ni nani hulipeleka neno kwa mwenye nyumba, na mtu huyo usimfichie kitu chake, kwa sababu atakuhitaji ubaki. Wanaitikia kwa adabu. Kisha wananiuliza kama kuna Wi-Fi.

Abiri alinipigia si zamani. Ameolewa, ana mtoto, ana nyumba yake. Riyadh siku hizi, alisema, watu wanakwenda kwenye maonyesho ya muziki na wake zao, wameketi viwanjani, mchana kweupe. Alisema hivyo kama habari njema, na ni njema. Kisha akasema anahitaji mtu, na mumewe atakuwa kafili.

"Nimestaafu," nikamwambia.

"Lini? Hukutangaza."

"Ndiyo natangaza."

Akacheka, yule Abiri wa zamani. Halafu akashusha sauti akauliza kama bado ninazo.

"Ninazo."

"Umeziweka wapi?"

"Chumbani kwa mama. Ndicho kisichovuja, na jua haliingii."

"Vizuri," akasema. Kisha, kwa heshima kabisa, akauliza: "Lakini mama hasumbuki, boksi kubwa vile chumbani kwake?"

Nikautazama mlango wa chumba kile.

"Hasumbuki," nikamwambia.