Isale kwa Ajili ya Samaki Wanne

Msiniambie niliota. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, na nilikuwa macho kama nilivyo sasa. Namshukuru Mungu kwa uzee wangu na akili timamu, lakini kila nikilisimulia jambo hili damu inachemka.

Miaka ile serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi, mdogo wangu Prosper alijenga nyumba ya wageni pale Pasua, akaniweka mapokezi. Akanunua tangi la kioo na samaki saba wa rangi. Walikuwa waoga mno. Mtu akipita tu, wanajibana pembeni. Nikawahudumia polepole. Nikabandika karatasi nyeusi nyuma ya tangi, nikawawekea mawe ya mtoni na vipande vya chungu wapate pa kujificha, nikawalisha saa ile ile kila siku bila kelele. Wiki ya tatu wakaanza kutoka wenyewe. Niamini, nilifurahi kama mtoto.

Prosper hakuridhika. "Kaka, hawa umewafanya masista wa kitawa? Wageni waje kutazama mawe?" Akayatoa mawe yote, akawawashia taa kali, akawa anagonga kioo kwa pete yake ili waruke. Watatu wakafa.

Siku hiyo ninayosema akaingia bibi nisiyemjua, miguu mitupu, nguo zinachuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Nikamwamkia shikamoo, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima tayari. Samaki wanne waliobaki wakatoka, wakamfuata kwenye kioo kila aliposogea. Mkononi ameshika jani la isale. Kwetu Uchagani, ukiletewa isale unaombwa amani, na hulikatai hata kama mtu amekuulia ng'ombe.

"Mwanangu," akamwambia Prosper, "nimekuja kuwaombea hawa. Pokea."

Prosper akacheka. "Samaki nao wanaombewa isale? Basi kesho niletee na la kuku niliyemla jana!" Akalichana lile jani, akalitupa kwenye ndoo ya taka.

Bibi akamgeuzia mgongo. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu. Kisha akatumbukiza mkono kwenye tangi, akautoa mtupu, akaondoka. Nikaangalia: maji yametulia, samaki hakuna hata mmoja. Nikakimbilia mlangoni. Barabara nzima tupu. Sakafu aliyoikanyaga ilikuwa kavu.

Tangu hapo hakuna mgeni aliyelala pale hadi asubuhi. Wote walilalamika kitu kimoja: kuna anayegonga dirisha, taratibu, bila kuchoka. Padri alikuja kubariki mara mbili. Mwisho Prosper akafunga nyumba.

Unadhani namkasirikia yeye? Nilimkasirikia, ndiyo. Lakini kwa nini bibi yule alinitazama mimi? Mimi ndiye mkubwa wa Prosper. Ningenyoosha mkono tu, nikalipokea jani kwa niaba yake, asingethubutu kulichana. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakula kwake. Hasira niliyo nayo juu yangu mwenyewe naiungama kila Kwaresima, na kila Kwaresima naikuta palepale.

Basi wewe unayesoma, ukiletewa isale, pokea. Usiulize anaombewa nani.