Foronya Yenye Jani la Buluu

Jirani yangu wa ukuta mmoja tunamwita Mama Nakshi, ingawa hana mtoto. Kazi yake ni kuchora nakshi za kudarizi, na mtaani kwetu mtu huitwa kwa kazi yake mpaka anasahau alivyoitwa kwao. Anachora maua na ndege kwenye kompyuta, mchoro unahamishiwa kwenye mashine ya kudarizi, nayo inaushona kwenye mapazia, mashuka na foronya. Mimi nashona mikoba na kufufua zipu zilizokwama. Baraza letu ni moja, bomba la maji ni moja, na ukuta kati yetu ni mbao nyembamba, kwa hiyo msishangae nikijua mambo yake. Sikuchungulia. Nilisikia tu, tena mara nyingine nikiwa sitaki.

Ile kompyuta mpakato alipewa na dada yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniwasha mpaka leo. Mama yao alifariki Mama Nakshi akiwa bado shule ya msingi, na dada ndiye aliyemlea. Alimsuka, alimfulia, alimtetea kwa walimu, akamsomesha mpaka akamaliza chuo cha ufundi. Sasa huyo dada ana duka kubwa la mapazia na mashuka, mume mpole mwenye miwani, na sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji ya kunywa. Sisi sote humwita Dada, hata tuliomzidi umri. Siku alipoleta kompyuta ikiwa imefungwa utepe, Mama Nakshi alilia akanilowesha bega. Shemeji alikuwa ameshaiandaa, programu zote zimo ndani, kazi ni kukaa na kuchora. "Mdogo wangu," Dada akasema, "hili ndilo shamba lako."

Shamba likazaa kweli. Mama Nakshi akaajiri mwanamke wa kuendesha mashine ya kudarizi, mtu asiyesema neno mpaka aulizwe, nasi tukambandika jina la Kimya. Walifanya kazi pamoja kwa raha. Mmoja anachora, mwingine anashona sampuli kwenye kipande cha shuka kuukuu, wanaitazama wote wawili dirishani, wanarekebisha.

Kisha nakshi zikaanza kuonekana sokoni kabla hazijatoka. Mama Nakshi anachora tausi, anaumia mgongo kwa ajili ya manyoya ya mkia, halafu akienda kununua nyuzi anamkuta tausi huyohuyo ananing'inia kwenye pazia la mtu, ameshonwa ovyo kwa uzi unaochuja. Kilichomkera zaidi ni wateja kumuuliza kwa nini siku hizi anaiga kazi za watu.

Nani aliyekuwa anaiona michoro kabla haijatoka? Yeye na Kimya, basi. Dada ndiye aliyelitamka kwanza, ameketi kwenye kigoda changu maana kwa mdogo wake viti vilikuwa vimejaa vitambaa. Hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba watu wasioongea huwa wana yao, na kwamba mdogo wake ana moyo mweupe mno. Mama Nakshi alikataa. Kesho yake akakataa kwa sauti ndogo zaidi. Mwishowe Kimya akaachishwa kazi. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mashine, na alichosema ni neno moja tu: "Ungeniuliza."

Wizi haukukoma. Dada akaeleza kwamba lazima yule mwanamke alinakili kila kitu kabla ya kuondoka, na Mama Nakshi akakubali. Ukishamfukuza mtu, unamhitaji awe na hatia.

Wakati huo kompyuta nayo ilikuwa imeanza kumsumbua. Kila asubuhi ilimwomba aweke toleo jipya la mfumo wake, na kila asubuhi aliahirisha, kwa sababu Shemeji alikuwa amemwonya asibadilishe chochote bila yeye kuwepo. Sote tulimsifu Shemeji kwa kujali. Lakini mteja mmoja alileta kazi ya mapazia ya ukumbi, na programu ya kuchorea ikagoma kuifungua mpaka mfumo uwe mpya. Shemeji alikuwa safarini. Mama Nakshi akabonyeza kukubali, akaja kwangu kunywa chai wakati kompyuta inajihangaikia.

Aliporudi alikuta skrini inacheza. Tausi anakuja, giza, tausi, giza, kama jicho lililoingiwa na mchanga. Alizima akawasha, ikacheza. Aliinamisha, aliinua, alifuta vumbi, akaibembeleza kwa maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mwanamume yeyote, ikacheza vilevile. Akampigia Shemeji. Nilimsikia Shemeji kupitia ukuta, maana alipandisha sauti, jambo ambalo si lake: izime, usiiguse, usimpe fundi yeyote, nikirudi nitakuja kuichukua mwenyewe.

Angengoja, namjua, ni mtiifu. Ila mwenye ukumbi hakuwa mtu wa kungoja. Tukamwita fundi kompyuta wa kona ya pili, bwana mnene anayehema akipanda ngazi zetu na kututukania mwenye nyumba.

Fundi alifungua kidirisha kidogo kinachoorodhesha programu zote zinazofanya kazi. Akatueleza, kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia nami, kwamba kidirisha hicho kikicheza pamoja na vingine, basi toleo jipya halielewani na skrini yenyewe. Kikitulia peke yake, kuna programu fulani inayogombana na toleo jipya. Tukakitazama. Nyuma yake tausi alikuwa anarukaruka, chenyewe kimetulia tuli. Fundi akaanza kuzizima programu moja baada ya nyingine. Akafikia moja yenye jina la herufi zisizo na maana, akaizima, na skrini nzima ikatulia.

Mama Nakshi alipiga makofi. Fundi hakucheka. Alisogea karibu na kioo, akabonyeza hapa na pale.

"Mama, hii aliyekuwekea nani?"

Akasema programu ile kazi yake ni kupiga picha ya chochote kilichoko kwenye skrini, kila baada ya muda mfupi, na kumtumia mtu fulani bila mwenye kompyuta kujua. Kwa nani, hakuweza kuona. Ilikuwa ya zamani, ilijua kujificha kwenye mfumo wa zamani. Mfumo mpya ulikuwa unaisukuma nje, nayo inajirudisha, na skrini ndiyo iliyokuwa inaumia katikati. Mama Nakshi akauliza iliingia lini. Fundi akasema iliwekwa kabla ya mchoro wake wa kwanza. Ilikuja na kompyuta.

Nilitegemea alie. Badala yake alisema, "Mbayuwayu."

Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa anakumbuka pazia la sokoni, lile la tausi. Juu ya tawi palikuwa na mbayuwayu mdogo. Alimchora kweli, akaona anajaza nafasi, akamfuta kabla ya kumpa Kimya mchoro. Kimya hakuwahi kumwona ndege yule. Nani angeweza kumshona, isipokuwa aliyekuwa anatazama skrini yenyewe?

Jioni hiyohiyo alimfuata Kimya kwake. Alirudi mapema. Kimya alikuwa amemsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamwambia amemsamehe na kwamba amepata kazi kwingine, akamtakia jioni njema. Mama Nakshi alinisimulia hayo huku anakwangua rangi ya kucha, kisha akahamia kwenye jambo lililokuwa linamsumbua zaidi.

Ni Shemeji, alisema. Shemeji ndiye aliyeiandaa kompyuta, Shemeji ndiye aliyekataza isiguswe. Dada hata kuwasha televisheni anaomba msaada. Nikamwuliza, kwa upole ninaoweza, Shemeji ambaye hana duka atazipeleka wapi nakshi. Akanikata jicho. "Usinitajie hivyo," alisema. "Yule ndiye mama yangu." Nikarudi kwenye zipu zangu.

Lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Alimrudisha fundi, akamwambia asiifute ile programu, aiwashe tena. Fundi aliona ajabu ila akafanya, na skrini ikaanza tena kucheza. Kisha Mama Nakshi akaketi kuchora kitu ambacho hakuwahi kukichora maishani.

Mama yao, kabla ya kuugua, aliwashonea foronya moja kwa mkono. Ilikuwa na tawi lililozunguka pembeni, limejaa majani ya kijani. Uzi wa kijani ulimwishia kwenye jani la mwisho, naye, akiwa hana pa kupata mwingine, akafumua uzi wa buluu kwenye upindo wa sketi ya shule ya Dada akamalizia nao. Foronya ile walilalia wote wawili mpaka ikaisha kwa kufuliwa. Walikuwa wamekubaliana, Dada na mdogo wake, kwamba nakshi ile haitauzwa kamwe. Hakuna mwingine aliyekuwa anaikumbuka. Hata Shemeji aliingia kwenye ukoo foronya ikiwa imeshakuwa tambara na tambara limeshatupwa.

Mama Nakshi aliichora huku macho yanamtoka machozi kwa ile mipepeso, akayafanya majani yote kuwa ya kijani, hata la mwisho. Hakuipeleka kwenye mashine, hakumwonyesha mtu. Aliiacha kwenye skrini mchana kutwa, halafu akaifuta. Hesabu yake alinieleza mwenyewe. Kama mwizi ni Shemeji peke yake, itashonwa kama michoro mingine, majani yote ya kijani. Kama Dada naye anaiona, ataijua palepale. Ataizuia, atakuja hapa mbio, atapiga kelele, atalia, atasema kitu. Kwa njia yoyote, alisema, nitakuwa nimempata dada yangu. Nilimtazama nikaona ameshachagua jibu, na nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

Dada alikuja kweli, lakini hakuja mbio. Alikuja na machungwa, kama kawaida yake, akauliza kama skrini imepona, akaambiwa bado. Akampapasa mdogo wake kichwani, akasema asijali, Shemeji karibu atarudi. Aliponiaga nilijibu kwa mguno, na nadhani hakuusikia.

Siku nilipohitaji zipu mpya tulikwenda sokoni pamoja. Foronya zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba mbele ya kibanda cha shuka, na tawi lile lilikuwa linazunguka pembeni. Mama Nakshi alisogea polepole, akashika moja, akalifuata tawi kwa kidole, jani kwa jani, kijani, kijani, kijani.

La mwisho lilikuwa la buluu. Ni ile buluu ya sketi ya shule, iliyopauka kidogo. Mwenye kibanda akatusifia mali, akasema inatoka sana, watu wanalipenda lile jani. Mama Nakshi hakubishana bei. Nilitaka kumshika mkono, lakini alikuwa ameikumbata foronya kwa mikono yote miwili.

Tukaenda dukani kwa Dada, moja kwa moja. Dada alikuwa anampimia mteja kitambaa. Alitabasamu alipotuona, akamaliza kupima, mteja akaondoka. Mama Nakshi akaitandaza foronya mezani juu ya utepe wa kupimia.

Dada hakuuliza imetoka wapi. Aliweka kidole gumba juu ya lile jani akalisugua taratibu, kama anavyopima ubora wa kitambaa, na uso wake ukalegea. Kwa muda nilidhani ataomba radhi. Kisha akajikaza, ile sauti yake ikarudi.

"Nimekulea mimi," alisema. "Chako na changu vimeanza lini?"

Mama Nakshi aliitazama meza. Alipoinua macho alikuwa mkavu kabisa, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba mtu aliyekuwa anachagua mapazia nyuma yetu hakugeuka.

"Lile jani ungeliacha la kijani, Dada. Ningemlaumu Shemeji mpaka nakufa, na wewe ungebaki wangu."

Akatoka. Foronya aliiacha mezani, nami nikamfuata, na nilipogeuka mlangoni Dada alikuwa bado ameweka kidole palepale.