Mkalimani wa Sataranji

Baba alipopatwa na kiharusi, wenzake wa barazani walimwonea huruma, na huruma yao ikakaribia kummaliza. Nasema hivi bila kumung'unya maneno kwa sababu baadaye na mimi nilifanya kosa lilo hilo, tena kwa ufundi kuwazidi.

Baraza yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni petu, Mji wa Kale, mkabala na muuza kahawa. Wazee walicheza sataranji hapo kila siku baada ya alasiri, kwa ubao mmoja na viti viwili, na sheria yao kubwa ilikuwa moja: anayefungwa huinuka. Akishasema "nimefungwa", husimama, humpa nafasi anayengoja, kisha hubaki wima nyuma ya kiti akitazama mchezo. Hapakuwa na kusingizia mgongo wala uzee. Baba alikuwa amestaafu ukarani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini, na hakuna aliyekuwa mkali wa sheria hiyo kama yeye. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," alikuwa akiwaambia waliokawia kunyanyuka.

Kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kulia. Ulimi ulirudi baada ya wiki chache, mzito kidogo, lakini mguu ulisusa. Daktari alituambia kwamba mguu haujafa. Asiposimama mwenyewe kila siku, hata kwa dakika mbili tatu, utakakamaa na hatasimama tena maisha yake. Nyumbani tulimbembeleza, tukamgombeza, tukambembeleza tena.

"Nisimame nende wapi?" ndilo lililokuwa jibu lake.

Tukaona tumshushe ngazi kwa kiti hadi barazani, huenda mchezo ukamwamsha. Wazee walimkaribisha vizuri, wakampangia kete, wakaanza kufungwa. Alishinda siku ya kwanza, akashinda ya pili, akashinda wiki nzima. Watu ambao zamani walimtoa jasho sasa walikuwa wakimwacha waziri wao, kete yenye nguvu kuliko zote, njiani aliwe, kama mtu aliyesahau mwavuli. Siku ya nane baba alikataa kushushwa. Alikuwa amejua kwamba wanamwachia.

Niliwaendea. Haikuwa desturi mwanamke kusimama mbele ya baraza ya wazee kudai maelezo, lakini hasira zilikuwa zimenipanda.

"Masalkheri, wazee wangu."

"Masalkheri, mwanangu. Babako hajambo?"

"Hajambo. Kwani mwamwacha ashinde kwa nini?"

Wakatazamana. Mkubwa wao akaweka chini kikombe chake cha kahawa. "Mwanangu, tukimfunga itambidi ainuke. Nasi tukae tumtazame mtu mzima akianguka mbele za watu? Hilo hatuliwezi."

Hawakuwa na ubaya. Nilirudi nyumbani na hasira zangu zile zile, ila sasa nilikuwa na wazo. Baba alihitaji mpinzani asiyejua kumwonea mtu imani, yaani huruma, na katika mji mzima niliyemjua wa namna hiyo alikuwa mashine.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini kuelekea mwisho. Nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na mkubwa wangu aliniruhusu kuchukua kompyuta kuukuu iliyokuwa ikila vumbi nyuma ya kabati. Fundi wa kompyuta wa ofisi yetu, kijana wa bara aliyefuata kazi Mombasa, akanipa disketi mbili. Ya kwanza ilikuwa na ubao: mraba mkubwa unaoonekana vizuri kwenye kioo, na kete unazovuta kwa mausi hata kwa mkono wa kushoto. Lakini ubao huo haukuwa na akili. Ulingoja uambiwe mpinzani amecheza nini. Ya pili ilikuwa na akili tupu, ile wanayoiita injini. Ilijua sataranji kuliko baraza zote za Mji wa Kale, lakini haikuwa na ubao wala kete. Ilipokea herufi ulizopiga na ikajibu kwa herufi.

"Ziunganishe tu," nikamwambia fundi.

Akacheka. "Dada, hizi zimeandikwa na watu wasiojuana. Kila moja ina lugha yake. Utahitaji mkalimani akae katikati."

Mkalimani huyo ni programu ndogo inayosikiliza ubao unasema nini, inaugeuza usemi huo kwa lugha ya injini, kisha inarudisha jibu kwa lugha ya ubao. Fundi alikuwa na kazi zake. Nikasema nitaiandika mwenyewe. Nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta Makadara, kwenye chumba cha juu ya hoteli ya chapati, na ufundi wangu wote ulikuwa kuifanya mashine iandike jedwali la kuzidisha. Fundi akaniletea kitabu chake.

Bandu bandu huisha gogo. Niliandika saa ya chakula cha mchana ofisini, nikaandika Jumapili nyumbani. Matatizo yalikuwa madogo madogo na kila moja lilinila siku. Ubao ulitaja hoja, yaani kila mwendo wa kete, kwa kuunganisha mraba wa kutoka na wa kwenda, e2e4. Injini ilitaka herufi kubwa na kistari katikati. Hilo nililimaliza siku moja nikajiona bingwa. Kumbe shaha, yaani mfalme, akiingia ngomeni kwa kuhama pamoja na ngome yake, ubao hutaja safari ya shaha peke yake, na injini ilitaka alama ya namna nyingine kabisa. Isipoipata, ilisema hoja ni batili na ikanuna. Halafu muda. Ubao ulihesabu kila sekunde kwa vipande mia, injini ilihesabu sekunde nzima, nami nilipitisha nambari kama zilivyo. Injini ikaamini ina muda mara mia ya ule uliokuwapo. Ikakaa kuwaza hoja ya kwanza tangu adhuhuri hadi alasiri.

Mama alipita na ungo wa mchele. "Huyu mke mwenza wangu amelala?" akauliza. Toka siku hiyo kompyuta ikawa na jina.

Lililonitoa machozi lilikuwa ukimya. Mkalimani wangu alikuwa akijibu, lakini jibu halikufika ubaoni. Kwa wiki mbili nilitafuta kosa ndani ya maneno yenyewe, na maneno hayakuwa na kosa. Yalikuwa yakirundikwa njiani mpaka yawe mengi ndipo yapelekwe, kama mkokoteni usiotoka sokoni mpaka ujae. Fundi akanionyesha amri ya kuyasukuma mara tu yanapoandikwa. Mstari mmoja. Nililia chooni ofisini, nikanawa uso, nikarudi kwenye mafaili ya forodha.

Siku tulipoiwasha mbele ya baba, alikaa kwenye kiti chake cha mikono akiwa amekunja uso. Akasukuma kitunda, yaani askari wake wa mbele, kwa mkono wa kushoto. Injini ikajibu. Akasukuma kingine. Baada ya hoja kama kumi nilimwona amenyoosha mgongo, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu augue. Baada ya hoja ishirini alikuwa anatokwa na jasho, ngome yake moja imekwenda, na vidole vya mkono mzima vilikuwa vikigongagonga meza. Nikautazama ule mguu wake chini ya kikoi, ulivyolala upande, na hofu ikanishika. Akifungwa atataka kuinuka. Akiinuka ataanguka, na atakayekuwa amemwangusha ni mimi. Hapo umeme ukakatika. Naona haya kusema nilivyofurahi.

Kesho yake, kabla hajaamka, niliongeza mistari mitatu katika programu. Mkalimani sasa alikuwa akiipa injini amri ambayo ubao haukuitoa: isitazame mbele zaidi ya hoja moja. Ni kama kumfunga mtu kitambaa machoni kisha kumwambia avuke barabara. Baba akashinda. Akashinda tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Mimi nilikuwa nikipitapita nyuma yake nikijisifu moyoni kwa hekima yangu.

Siku ya nne akaisukuma mausi kando.

"Ndoo hapa," akaniita nije karibu. "Hini mashine yanionea imani."

"Mashine haina imani, baba."

"Siku ya kwanza ilinibana. Toka siku ile yacheza kama mtu afukuzaye kuku. Mashine haigeuki tabia kwa siku moja. Kati yangu na yeye kuna nani?"

Nikajitia kupanga disketi.

"Nakuuliza. Kuna nani?"

"Kuna mkalimani. Nimemwandika mimi."

"Basi ni wewe."

Nilikasirika, kama ninavyokasirika kila nikikamatwa na kosa langu. Nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba naogopa ataanguka, kwamba miezi yote hii nimekonda kwa ajili yake, kwamba hajui nilichopitia. Aliniacha nimalize.

"Nikianguka, nitaanguka mimi," akasema polepole, ulimi ukimpa taabu. "Mimi nalisimama gatini maisha yangu nikihesabu magunia ya watu. Likishuka gunia limepasuka, naliandika limepasuka. Sikumwandikia mtu kuwa ni zima apate kufurahi. Wewe wakaa kati ya watu wawili, kisha waongeza maneno yako?"

Hasira zangu zikaisha zote kwa pamoja, nikabaki na aibu.

"Nionyesha," akasema.

Nikafungua programu. Hakujua kusoma hata alama moja ya mambo yale, lakini aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole pale nilipomwonyesha.

"Ni hini?"

"Mstari huo, na miwili inayofuata."

"Futa."

Nikafuta mmoja mmoja, akiangalia. Nikaiandaa upya programu, nikawasha ubao, nikakaa mbali naye, mikono mapajani.

Ule ulikuwa mchezo mrefu kuliko yote. Baba alicheza vizuri; naweza kusema hivyo bila upendeleo. Alimla farasi mmoja wa injini, na kwa muda nilidhani atashinda kwa haki. Lakini mwishoni shaha wake alibanwa kwenye kona na hakukuwa na pa kutokea. Akautazama ubao, akautazama tena.

"Nimefungwa," akasema.

Akashika ukingo wa meza. Nikapiga hatua moja mbele, akanitupia jicho, nikasimama pale pale. Alijaribu mara ya kwanza akarudi kitini kwa kishindo. Mara ya pili alifika nusu, akarudi. Mama alikuwa ametokea mlangoni, ameziba mdomo kwa ncha ya leso. Mara ya tatu aliinuka. Alisimama kwa mguu wa kushoto, wa kulia ukitikisika chini yake, kisha akakanyaga na wenyewe. Akajisogeza kando, unyayo baada ya unyayo, akazunguka hadi nyuma ya kiti, akakishika mgongo.

Nikasubiri aseme anataka kukaa. Alikuwa akihema.

"Keti," akaniambia.

"Mimi?"

"Kiti ki wazi. Aliyengoja ni nani mwengine?"

Miezi yote ile nilikuwa nikibeba hoja za wengine huku na huku, na sikuwahi kucheza hata moja yangu. Nikaketi. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nikasukuma kitunda, injini ikajibu papo hapo, nikasukuma kingine. Nilijua nitafungwa haraka, na nilijua kwamba kadiri ninavyokawia ndivyo atakavyozidi kusimama. Mgongo wa kiti ukalia nyuma yangu, pale alipoushika. Nikageuka nitazame unyayo wake.

"Wacha mguu wangu," akasema. "Tazama shaha wako."

Nikageukia ubao, nikacheza.